Kipande cha Nyumba na Sanduku la Kufuli Tatu

Wanawake ishirini wa Palma wana sanduku la chuma lenye kufuli tatu. Kwa majuma thelathini kila mmoja alitia meticais 300, na mwisho wa mzunguko sanduku likawa na meticais 180,000, bila kuhesabu riba ya mikopo midogo waliyokopeshana. Kiasi hicho kinakaribia dola 2,800. Mmoja wao ni shangazi yangu. Mwaka huu baadhi ya wenzake walipendekeza kwamba, badala ya kugawana kama ilivyo desturi, fedha zote zipelekwe kwenye jukwaa la mtandaoni linalouza vipande vya nyumba za kupangisha Dar es Salaam. Kwa kuwa nasoma Dar es Salaam, na kwa kuwa mkataba wa jukwaa hilo umeandikwa kwa Kiingereza, nilipewa kazi ya kulichunguza na kuleta jibu. Insha hii inaeleza nilivyolipima. Jina lake nimeliacha, maana ninachotaka wenzangu wakichukue hapa ni kipimo, wala si hukumu juu ya kampuni moja.

Ili kuelewa kwa nini pendekezo lile lilipata wafuasi, ni lazima kujua Palma imepitia nini. Gesi iligunduliwa baharini mwaka 2010. Juni 2019 wawekezaji walitoa uamuzi wa mwisho wa kujenga mtambo wa kusindika gesi katika rasi ya Afungi, kwa gharama ya takriban dola bilioni 20, na mwaka huohuo Total ya Ufaransa ikachukua uongozi wa mradi. Watu wa Quitupo wakaanza kuhamishiwa Quitunda, kijiji kipya kilichojengwa kwa ajili yao. Mjini Palma, mwenye nafasi uani aliongeza chumba, kwa sababu mafundi, madereva na wapishi walikuwa wakija na wote walihitaji pa kulala. Kisha, tarehe 24 Machi 2021, mji ukashambuliwa. Watu walikimbilia Afungi na Quitunda, wengine Nangade na Mueda, wengine wakapanda mashua hadi Pemba. Tarehe 26 Aprili Total ikatangaza kwamba haiwezi kuendelea na mradi kwa sababu zilizo nje ya uwezo wake. Vyumba vilivyojengwa kwa ajili ya wapangaji vikabaki bila mpangaji, na vingine bila paa.

Kiswahili huita ardhi na majengo mali isiyohamishika. Darasani tunaipokea istilahi hii kama neno la kisheria lisilo na utata. Kwa mtu wa Palma ina uchungu wake: mali haikuhamishika, wenyewe ndio waliohama. Kwa hiyo maneno ya binamu yangu, aliye mdogo kuliko wote kikundini, hayakuniacha vivi hivi. Alisema, "Nyumba ya Dar haitachomwa. Na mimi nikikimbia tena, hisa yangu iko kwenye simu, nakimbia nayo." Sikuiona hoja hiyo kuwa ya tamaa. Imetoka kwa mtu aliyewahi kufunga mlango na kuondoka bila kujua kama ataukuta. Nilianza uchunguzi nikitamani kwamba awe sahihi.

Wazo lenyewe si la ajabu. Jengo moja ni ghali mno kwa mtu mmoja, hivyo linagawanywa vipande vingi vya bei ndogo, watu wananunua kwa mtandao, kodi ikikusanywa kila mmoja anapata fungu lake, na jengo likiuzwa wanagawana bei. Marekani ilitunga sheria mwaka 2012 iliyofungua mlango kwa kampuni ndogo kuchangisha mtaji kutoka kwa watu wa kawaida kupitia mtandao. Mwaka huohuo kampuni ya Fundrise, iliyoanzishwa na ndugu wawili huko Washington, iliuza vipande vya dola 100 vya jengo moja la mtaa wa H kwa wakazi wa eneo hilo. Wanunuzi wale waliweza kupita mbele ya jengo lao wakienda dukani. Kwetu Afrika Mashariki, Kenya ilitoa kanuni zake za uchangishaji wa mtaji wa aina hii mwaka 2022, chini ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji.

Wala si kweli kwamba mtu wa Msumbiji hajawahi kumiliki kipande cha kitu kikubwa kwa kutumia simu yake. Mwaka 2019 kampuni ya umeme ya Cahora Bassa iliuza sehemu ya hisa zake kwa wananchi, bei meticais 3 kwa hisa, na maombi yalipokewa hata kwa simu. Mtu mwenye meticais mia chache aliweza kuingia. Kwa hiyo udogo wa kipande si dalili ya utapeli, na simu si dalili ya utapeli. Ilibidi nitafute kipimo kingine.

Kipimo nilikipata kwenye sanduku lao. Sheria za kikundi ni chache na kila mwanachama anazijua kwa moyo. Funguo tatu zinakaa kwa watu watatu, na hakuna hata mmoja kati yao anayelala na sanduku. Sanduku linakaa kwa mtu wa nne. Fedha zinahesabiwa kwa sauti mbele ya wote. Daftari linasomwa kabla sanduku halijafungwa, na asiyejua kusoma anakariri jumla ya mwisho ili mkutano ujao aulizwe. Anayetaka kutoka anajua siku ya mgawo. Wazee walisema mali bila daftari huisha bila habari, na wanawake hawa wameongeza kwamba daftari bila funguo nalo halitoshi. Nikajiuliza: jukwaa lile likipimwa kwa sheria za sanduku, litasimama? Nikaandika maswali matano.

Swali la kwanza: unashika nini mkononi? Nchini Msumbiji ardhi ni mali ya dola. Katiba na Sheria ya Ardhi ya 1997 zinasema haiuzwi wala haiwekwi rehani. Mtu anapata haki ya kuitumia, ile tunayoiita DUAT, na anachoweza kuuza ni nyumba na kile alichoendeleza juu ya ardhi. Watu wa Palma wanalijua jambo hili vizuri, kwa sababu fidia za Afungi ziliwalazimu kutofautisha ardhi na kilicho juu yake: nyumba, minazi, mikorosho. Tanzania nayo ardhi yote ni ya umma, chini ya udhamini wa Rais, na Sheria ya Ardhi ya 1999 haimruhusu asiye raia kumilikishwa ardhi isipokuwa kwa ajili ya uwekezaji ulioidhinishwa. Basi shangazi, raia wa Msumbiji, angewezaje kununua nyumba Dar es Salaam kwa meticais 9,000? Jibu lilikuwa ukurasa wa kumi na moja wa mkataba: hanunui nyumba. Anakopesha fedha kwa kampuni ndogo iliyoundwa kwa ajili ya jengo lile, na kampuni hiyo inaahidi kumgawia sehemu ya mapato. Jina lake haliingii kwenye hati. Kampuni ikifilisika, anasimama kwenye foleni ya wadai, nyuma ya benki iliyotoa mkopo wa ujenzi. Neno "mmiliki", lililorudiwa katika kila tangazo, halimo ndani ya mkataba.

Swali la pili: funguo ziko kwa nani? Hapa nilijifunza kutoka mbali. Mwaka 2022 jukwaa la Marekani liitwalo CrowdStreet lilitumiwa na kampuni ya Nightingale kuchangisha takriban dola milioni 63 kutoka kwa mamia ya watu, kwa ajili ya majengo ya Atlanta na Miami Beach. Majengo yalikuwepo, na picha zilikuwa za kweli. Lakini fedha za wachangiaji ziliingia katika akaunti zilizokuwa mikononi mwa mwenye mradi, naye akazipeleka kwingine. Msimamizi huru alipoteuliwa mwaka 2023 alikuta akaunti karibu tupu, na mwaka 2025 mkuu wa kampuni alikiri kosa mahakamani. Ukilitazama tukio hili kwa macho ya kikundi cha Palma, halihitaji mtaalamu wa fedha kulieleza: mwenye sanduku alikuwa na funguo zote tatu. Nililiandikia jukwaa letu kuuliza kama fedha hukaa benki chini ya mdhamini asiye wao mpaka ununuzi ukamilike. Walijibu kwamba fedha ziko salama. Niliuliza tena, kwa mdhamini gani. Barua hiyo haijajibiwa.

Swali la tatu: mpangaji ni nani, na hesabu imefanywaje? Tangazo lilisema asilimia 14 kwa mwaka. Nilichukua takwimu zao wenyewe za nyumba moja: bei shilingi milioni 120, kodi shilingi 800,000 kwa mwezi. Miezi kumi na miwili inatoa milioni 9.6, yaani asilimia 8 ya bei. Hapo hatujatoa kitu. Nyumba ikikaa tupu miezi miwili tu, kodi ni milioni 8. Toa ada ya msimamizi asilimia 10, toa kodi ya serikali juu ya pango asilimia 10, toa ada ya jukwaa asilimia 1 ya mtaji: inabaki milioni 5.2. Hiyo ni kama asilimia 4.3, na bado bomba halijapasuka. Asilimia nyingine zote zinategemea nyumba kupanda bei kila mwaka, na kupata mnunuzi wa bei hiyo. Tena faida inahesabiwa kwa shilingi ya Tanzania, ilhali mlaji wake ananunua mchele kwa meticais.

Palma inaelewa hatari ya kutegemea bei ya kesho. Kabla ya 2021 kila aliyejenga chumba alihesabu kana kwamba mradi hautasimama hata siku moja. Jengo nililoenda kulitazama Dar es Salaam, nje kidogo ya mji, halina vita jirani, lakini nyumba zake zote zimelengwa kwa wafanyakazi wa aina moja wenye mishahara ya aina moja. Lipo, nakiri, ghorofa tatu kati ya nne zimekwisha kupigwa plasta. Mlinzi aliniambia kwamba wapangaji bado. Katika ukurasa wa jukwaa, jengo hilo tayari lilikuwa na mapato ya mwezi.

Swali la nne: mlango wa kutokea uko wapi? Watu wengi hudhani kwamba jengo likiwa la kweli na msimamizi akiwa na leseni, fedha haziwezi kupungua. Mfano wa Kenya unafundisha vinginevyo. Mfuko wa Fahari, uliomiliki majengo ya biashara Nairobi, uliuza vipande vyake mwaka 2015 kwa shilingi 20 kila kimoja na kuingizwa katika Soko la Hisa la Nairobi. Ulisimamiwa kisheria na hesabu zake zilitangazwa. Hata hivyo bei ilishuka sana, na mwaka 2023 wawekezaji wadogo walipopewa nafasi ya kutoka, walipewa shilingi 11 kwa kipande. Hakuna aliyeiba. Majengo hayakuleta kilichotarajiwa, na wanunuzi wa vipande hawakuwa wengi. Ikiwa hali ni hiyo mahali penye soko, itakuwaje mahali pasipo na soko kabisa? Mkataba wa jukwaa letu unafunga fedha kwa miaka mitano, na anayetaka kutoka mapema anapaswa kujitafutia mnunuzi. Kikundi cha shangazi kinagawana kila mwaka kwa sababu ada za shule zinadaiwa kila mwaka. Na mtu aliyewahi kukimbia usiku anajua thamani ya fedha inayoweza kutoka kesho asubuhi.

Swali la tano: nani anamsimamia mwenye jukwaa? Ukurasa wao ulionyesha cheti cha kusajili kampuni, chenye muhuri na nembo. Cheti hicho nilikihakiki na ni halali. Lakini kusajili kampuni kwa Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni ni jambo moja, na kuruhusiwa kukusanya mitaji ya umma ni jambo jingine, ambalo nchini Tanzania liko chini ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana. Niliomba namba ya idhini hiyo na nikaletewa cheti kilekile cha kwanza. Wasomaji wa Tanzania watakumbuka DECI, ambako watu "walipanda mbegu" za fedha wakisubiri mavuno, mpaka serikali ilipoingilia kati mwaka 2009. Sisemi jukwaa hili ni DECI. Lina jengo, na DECI haikuwa na hata shamba. Nasema tu kwamba muhuri unapoonyeshwa, ni lazima kuuliza ni muhuri wa kuruhusu nini. Na kwa upande wa Msumbiji, kupeleka mtaji nje ya nchi kuna taratibu zake chini ya Banco de Moçambique, ambazo ukurasa ule haukuzitaja hata kwa neno moja.

Nilipofika hapo nilidhani nimemaliza. Kumbe jambo lililonishughulisha zaidi lilikuwa katika fani yetu wenyewe. Jukwaa lina ukurasa wa Kiswahili, na ndio ambao wanawake wa Palma waliusoma. Niliweka ukurasa huo na mkataba wa Kiingereza bega kwa bega. Kiingereza kilisema kwamba asilimia 14 ni lengo. Kiswahili kilisema, "Utapata asilimia 14." Kiingereza kilisema kwamba hakuna anayedhamini kurudi kwa mtaji. Kiswahili kilisema, "Uwekezaji wenye dhamana ya jengo." Kiingereza kilimwita shangazi mkopeshaji. Kiswahili kilimwita mwenye nyumba. Na sentensi ya mwisho ya mkataba inasema kwamba maandishi hayo mawili yakipingana, Kiingereza ndicho kitakachofuatwa. Kwa maneno mengine, anayesoma Kiswahili amepewa ahadi, na anayesoma Kiingereza ameonywa.

Sijui kama aliyetafsiri alikusudia. Huenda aliambiwa tu aandike kitu kitamu. Lakini Kiswahili hakikuwa kimekosa maneno. Tunayo lengo, makadirio, tarajio, ahadi na dhamana, na kila moja lina uzito wake ambao hata mtoto anayecheza upatu na wenzake anaujua. Tunao pia mkopeshaji, mdai na mmiliki. Tunapojadili istilahi semina kwa semina, mara nyingi tunauliza kama neno ni la Kibantu, kama limesanifiwa, kama linakubalika kimatamshi. Ningependa tuongeze swali moja: mtu akilisoma neno hili kisha akatoa fedha zake, atakuwa amekubali kile kilichoandikwa kweli?

Nililipeleka jibu langu Palma kwa ukurasa mmoja wa Kiswahili, na shangazi akausoma kwa sauti mkutanoni kama wasomavyo daftari. Niliandika kwamba wazo la kumiliki pamoja ni jema na kwamba jengo lipo. Niliandika kwamba kati ya maswali matano, jukwaa limejibu kikamilifu lile la kutoka, na jibu lake haliwafai. La umiliki limejibiwa na mkataba, kinyume cha tangazo. La hesabu halisimami. Na mawili ya funguo na usimamizi hayajajibiwa. Kwa hiyo fedha ya sanduku, ambayo ni ya wote na ina siku yake ya mgawo, isiende huko. Mtu mmoja akitaka kujaribu kwa fungu lake mwenyewe, kiasi ambacho kikipotea mtoto hatakosa shule, hiyo ni hiari yake, ila asubiri majibu mawili yaliyobaki.

Binamu yangu hakufurahi, na aliniambia hivyo. "Kaka, wewe umenionyesha pa kutoweka," alisema kwenye simu. "Pa kuweka hujanionyesha." Nilikubali kwamba ni kweli. Maswali matano hayajengi nyumba, wala hayaondoi hofu ya mtu ambaye paa lake liliwahi kuungua. Nilimwambia kwamba anachotafuta, yaani mali ambayo anaweza kukimbia nayo, ni haki yake, na kwamba siku itakapopatikana njia yenye mdhamini wa fedha, idhini ya mamlaka na mkataba unaosema jambo moja katika lugha zote mbili, nitakuwa wa kwanza kumwambia aingie.

Kikundi kilipiga kura: kumi na wanne walitaka mgawo, sita walitaka jukwaa. Kila mmoja alichukua meticais 9,000 zake na sehemu yake ya riba. Wengi wamenunua mabati na saruji. Shangazi amelipa ada za shule na kuanza mzunguko mpya. Binamu yangu bado hajatumia fungu lake. Maswali matano ameyahifadhi kwenye simu kwa Kiswahili, na juzi amenitumia tangazo la jukwaa la pili, pamoja na mkataba wake, akiwa tayari ameyauliza matatu ya kwanza mwenyewe. Wiki hii nimeanza kuusoma.